Mashine Zinazokesha na Wazee

Huenda nyumbani mwako yupo bibi asiyejua tena kama ni asubuhi au jioni. Mnapokezana kumlisha, kumwogesha na kumsikiliza akisimulia habari ile ile. Huko Japani kazi hii imekuwa shida ya taifa zima. Katika kila watu 10, karibu 3 wamefikia umri wa miaka 65 au zaidi, na vijana hawatoshi. Tangu mwaka 2008 Wajapani wamekuwa wakiwaita watunzaji kutoka Indonesia, kisha Ufilipino na Vietnam, wala hao nao hawakutosha. Basi katika nyumba za kutunzia wazee wametia mashine zenye akili bandia, yaani zilizofundishwa kutambua mambo na kujifunza.

Moja huitwa Paro. Fundi Takanori Shibata aliibuni kwa umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, mwenye manyoya meupe, uzito wake karibu kilo 3. Utauliza, kwa nini sili, si paka? Kwa sababu paka tumemzoea, na mzee angegundua upesi kwamba huyu si paka kweli. Ukimpapasa hufumba macho na kulia kitoto. Ukimwita mara nyingi hujifunza jina lake. Na tendo lililomletea kupapaswa hulirudia. Akiishiwa nguvu hutiwa mdomoni chuchu kama ya mtoto mchanga, kumbe ndiyo inayopitisha umeme! Alianza kuuzwa Japani mwaka 2005, na mwaka 2009 serikali ya Marekani ilimkubali kuwa chombo cha tiba.

Wapo wazee waliokuwa wakihangaika, nao hutulia wakimpakata. Hilo halikataliki. Lakini James Wright, mtaalamu aliyekaa katika nyumba moja ya wazee huko, aliandika kitabu mwaka 2023 akaeleza mengine. Mzee mmoja alikuwa akijaribu kumchuna sili ngozi. Mwingine alimpenda mno hata akakataa kula au kulala bila yeye. Basi watumishi waliotazamia kupunguziwa kazi wakapata kazi mpya, kumlinda sili na kumlinda mzee. Mashine ya kuinulia wazee nayo iliwachosha kuisukuma chumba hadi chumba. Baada ya siku chache wakaiacha.

Kwangu mimi, chombo chenye faida zaidi ni kile kisicho na sura. Ni kitandiko chembamba kinachowekwa chini ya godoro. Hupima pumzi na kugeuka kwa mzee, na kompyuta hutambua kama amelala, ameamka, au anaondoka kitandani. Mtumishi wa usiku hutazama kioo tu, hana haja ya kufungua kila mlango na kuwaamsha waliolala. Mzee anayeinuka gizani aweza kuanguka na kuvunjika nyonga, na wengi hawatembei tena vizuri baada ya hapo.

Lakini kitandiko hakimshiki mtu mkono. Kinaita tu, na mwanadamu ndiye aendaye. Sasa angalia: mwaka 2021 serikali ya Japani ililegeza sheria ya idadi ya watumishi wa usiku, kwa baadhi ya nyumba zilizoweka vyombo vya namna hii kwa wazee wote. Chombo kilicholetwa kumsaidia mtumishi kikawa sababu ya kumpunguza mwenzake. Vyumba viwili vikiita kwa pamoja usiku wa manane, aliyebaki itambidi achague mlango mmoja.