Chandarua na Siha ya Bomeni

Katika mradi wa malaria wa Pare na Taveta, uliodumu tangu 1954 hadi 1959, kuta za nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin, ili mbu, ambaye akisha kufyonza damu hutua ukutani kupumzika, afe kabla ya kueneza maradhi. Homa ikapungua sana, lakini unyunyizaji ulipokoma, mbu walirejea taratibu.

Ibra kwetu, enyi ahali wa Bomeni, ni kwamba siha haihifadhiwi kwa juhudi ya msimu mmoja, bali kwa ada ya kila siku: chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro kila usiku, tundu lishonwe mara lionekanapo, na mwenye homa, hasa mtoto na mja mzito, apelekwe kupimwa damu siku iyo hiyo, wala asibahatishiwe vidonge.