Risasi ya 1894 na risasi ya 2007: unalinganisha nini kweli?

Sisi wa Mashariki tukisikia neno risasi tunafikiri vita tu, na tuko na haki. Lakini leo naomba twende mbali kidogo: kwenye meza ya mwindaji wa Uswidi ao wa Marekani, mutu anayekaa jioni nyumbani na mizani ndogo, anajitengenezea risasi zake mwenyewe. Hawa watu wako na ubishi mmoja usioisha: risasi ya zamani na risasi mpya, gani inashinda? Huo ubishi unatuhusu sisi watu wa utafiti kuliko tunavyofikiri.

Kwanza tuelewane. Risasi nzima iko na vitu vine: ganda la shaba ya manjano, fataki ndogo ya kuwasha iliyo chini ya ganda, baruti ndani, na kichwa kile kinachoruka. Ukipiga, kichwa kinaenda, baruti inaungua, ganda linabaki. Mwenye kujitengenezea analiokota, analirudishia umbo lake, anaweka fataki mpya, anapima baruti, anabana kichwa kipya. Anafanya hivyo juu ya bei, juu ya kupiga sawasawa, na pia juu ya bunduki za babu ambazo viwanda havizitengenezei tena risasi.

Sasa tuchukue risasi mbili. Ya kwanza ni 6.5×55, iliyokubaliwa na Uswidi na Norwe mwaka 1894 kwa majeshi yao, kiisha ikapendwa sana na wawindaji wa kulungu wakubwa wa misitu ya baridi. Ya pili ni 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kiwanda cha Hornady, Marekani, mwaka 2007, kwa mashindano ya kulenga shabaha. Kati yao kuna miaka 113. Lakini vichwa vyao vina upana uleule, milimita 6.7 hivi. Hata ile mistari ndani ya mtutu inayozungusha kichwa ni karibu sawa: mzunguko mmoja kila sentimita 20 hivi, kwa zote mbili. Kumbe wazee wa 1894 walikuwa wamepata jibu kitambo.

Ganda la zamani ni refu zaidi: milimita 55, na la mpya karibu 49. La zamani linabeba nafasi ya baruti karibu sehemu moja kwa kumi zaidi. Kwa hiyo mutu angetegemea la zamani lisukume kichwa kwa nguvu kidogo zaidi. Lakini ukinunua risasi za dukani Marekani, mara nyingi unaona mpya inaenda sawa na ya zamani, ao inaipita. Vijana wanasema: umeona? Teknolojia!

Ngoja kwanza. SAAMI, chama cha viwanda vya silaha na risasi cha Marekani, kinaweka mwisho wa mgandamizo ambao kila risasi haipaswi kupita. Kwa 6.5×55 ni megapaskali 350 hivi. Kwa Creedmoor ni karibu 430. Sababu gani? Si kwamba ganda la zamani ni dhaifu. Ni kwamba bunduki nyingi za miaka ya 1890 bado ziko mikononi mwa watu, na chuma chao na ufungaji wao havikutengenezewa mgandamizo wa leo. Kiwanda hakijui risasi yake itaingia bunduki gani, basi kinapima kwa ajili ya ile iliyo dhaifu kuliko zote. Njo vile namba ya dukani haipimi risasi. Inapima uzee wa bunduki.

Mfano mwingine uko wazi zaidi: .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya 1873. Vitabu vya vipimo vya baruti vinaipa mafungu matatu: moja ya bunduki za wakati ule, moja ya zile za nguvu ya katikati, na moja ya bunduki ngumu za leo. Ganda moja, majibu matatu.

Hapa nikakumbuka TFC yangu. Nililinganisha maharagi ya kienyeji na aina iliyoboreshwa. Ya kienyeji niliiweka pembeni, kwenye mawe, bila mbolea, “sawa vile mama wanalima.” Ya kuboreshwa nikaipa udongo mzuri na mbolea. Ilishinda sana, nikafurahi. Mwalimu wangu akaniuliza neno moja: “Mwanangu, umelinganisha mbegu, ao umelinganisha udongo?” Nilirudia msimu mzima. Mbegu mpya ilishinda tena, lakini kwa kidogo, si kwa maajabu niliyokuwa nimeandika.

Na risasi ni vilevile. Ukiweka zote mbili ndani ya bunduki za leo zenye ugumu sawa, ya zamani inapita kidogo kwa mwendo. Lakini tusikimbilie kusema “ya wazee daima ni bora.” Mpya imeleta kitu cha kweli, ila hakiko kwenye mwendo. Ganda lake fupi linaacha nafasi mbele, basi kichwa kirefu chenye ncha kali kinaingia kwenye magazini fupi bila kuzama ndani ya baruti. Na bunduki zake zote ni za juzi, kwa hiyo kiwanda hakihofii mashine ya babu. Faida ni mpangilio mzima, si ganda peke yake.

Hili si neno la ubishi tu. Mwenye kujitengenezea akichukua kipimo cha baruti kilichoandikiwa bunduki ya leo, akakitia katika bunduki ya 1896 kwa sababu jina la risasi ni lilelile, chuma kinaweza kupasuka karibu na uso wake. Njo maana wazoefu wanaanza chini, wanapanda polepole, na hawaazimi kipimo cha mwenzao bila kuuliza: kilipimwa katika bunduki gani?

Sisi hatupimi baruti. Lakini kesho utasimama mbele ya mama mkulima na karatasi inayosema mbegu mpya inazaa mara mbili. Akiuza akiba yake ya mbegu juu ya karatasi yako, na shamba lake liko kwenye mawe, njaa itakuwa yake, si yako. Kabla ya kumpa ile namba, jiulize: ilipimwa katika udongo wa nani?