Herufi moja hubadili wakati wa kitenzi cha Kilatini

MZUNGUMZAJI wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kilatini hana sababu ya kukiogopa kitenzi chake. Neno "ninapenda" hubeba nafsi, wakati na tendo kwa pamoja, na "amo" la Kilatini hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Kiswahili hutanguliza viambishi vya nafsi na wakati, ilhali Kilatini huviweka mwishoni: "amabam" ni nilikuwa nikipenda, "amabo" ni nitapenda.

Ugumu uko kwingine. Vitenzi vimegawika katika makundi manne, yanayotambulika kwa miisho -are, -ere yenye irabu ndefu, -ere yenye irabu fupi, na -ire. Makundi mawili ya kwanza huunda wakati ujao kwa -bo. Mawili ya mwisho hutegemea irabu -e-, isipokuwa katika nafsi ya kwanza umoja. Hapo ndipo wengi hujikwaa. "Regit" ni anatawala, "reget" ni atatawala. Lakini "monet", lenye mwisho uo huo wa -et, ni anaonya, wala si ataonya. Asiyejua kundi la kitenzi ataisoma ahadi kana kwamba imeanza kutekelezwa.

Kukariri jedwali hakutoshi. Kamusi hutoa maumbo manne, mathalani "rego, regere, rexi, rectum", na ni heri kuyahifadhi yote, kwani "rexi", nilitawala, ni vigumu kulibashiri kutokana na "rego".

Na "venit" je? Ni anakuja au alikuja, kutegemea urefu wa irabu ya kwanza, ambao maandishi ya kawaida hayauonyeshi. Msomaji huamua kwa muktadha.