Jinsi Baraza Ligawavyo Fedha za Wote

Mama mwenye watoto sita na viazi vinne chunguni hana budi kufikiri kabla hajagawa. Akimpa mmoja viazi viwili, wengine watalia; akivikatakata vipande vidogo mno, hapana atakayeshiba. Halmashauri ya wilaya ni kama mama huyo. Watoto wake ni vijiji vingi, na chungu chake ni hazina isiyojaa kamwe.

Katika milima ya kusini ya Tanzania, nchi ya Wakinga, upo mji mdogo uitwao Iwawa. Ndipo yalipo makao ya Wilaya ya Makete, katika Mkoa wa Njombe. Mkoa huu ulitengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012, nao una halmashauri sita: mbili ni za miji, yaani Njombe na Makambako, na nne ni za wilaya, yaani Njombe, Wanging'ombe, Ludewa na Makete. Kila moja ina baraza lake, na wajumbe wake huitwa madiwani.

Madiwani ni watu gani? Wengi wao huchaguliwa na wananchi, mmoja kwa kila kata. Tena wapo wanawake wa viti maalum, na mbunge naye ni mjumbe. Wao kwa wao humchagua mwenyekiti. Mkurugenzi si diwani. Yeye ni mtumishi wa serikali, kazi yake ni kutekeleza yaliyoamuliwa na kutunza hesabu. Mabaraza haya yalikuwa yamevunjwa mwaka 1972; sheria za mwaka 1982 zikayarudisha, yakaanza kazi tena mwaka 1984.

Na fedha hutoka wapi? Sehemu kubwa huletwa na Serikali Kuu, nayo hulipa mishahara ya walimu na waganga na kazi nyingine kubwa. Sehemu ya pili hukusanywa papo hapo wilayani: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko, leseni za biashara. Gunia la viazi likiuzwa, au mbao zikipakiwa katika lori, kitu kidogo huingia katika hazina ya halmashauri. Haba na haba hujaza kibaba. Basi fedha hizo si mali ya diwani wala ya mkurugenzi. Ni jasho la mkulima na la mchana mbao.

Sasa tutazame jinsi zinavyogawanywa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maneno huanza miezi mingi kabla yake, tena huanzia chini. Watu wazima wa kijiji hukutana katika mkutano mkuu, wakasema haja zao. Haja hizo hupelekwa katika kamati ya maendeleo ya kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Kutoka huko hufika katika kamati za halmashauri, kisha katika baraza zima. Baraza likikubali, makadirio hupelekwa mkoani na serikalini, na mwisho Bunge la Dodoma huyapitisha.

Tuseme vijiji vitatu vyaomba, na fedha zatosha bati za jengo moja tu. Kijiji cha kwanza chataka nyumba ya mwalimu. Usidhani hilo ni anasa. Katika milima ya Makete, mwezi wa Juni na Julai, umande huganda juu ya majani. Mwalimu mgeni asiye na nyumba njema huomba uhamisho, na watoto hubaki na ubao mtupu. Kijiji cha pili kimekwisha kujenga kuta za zahanati kwa mikono yake, lakini mvua yazilowesha kwa kukosa paa. Kijiji cha tatu chataka darasa, maana watoto wamebanana.

Nani apewe? Diwani mwenye sauti kubwa aweza kuvuta bati kwake. Lakini baraza lenye akili huuliza kwanza: Ni watu wangapi watakaofaidiwa? Wale wasiopewa watatembea mwendo gani? Kazi ipi imekaribia kwisha, nayo itaharibika ikiachwa? Na jengo likikamilika, je, yupo mtumishi wa kukaa humo? Pengine baraza litaamua kuezeka zahanati, kwa kuwa kuta zilizolowa mwaka huu zaweza kuanguka mwakani, na nguvu za watu zitakuwa zimepotea. Vijiji viwili vitarudi mikono mitupu. Hao wana haki ya kuambiwa sababu, na kujua zamu yao itafika lini. Kunyimwa kwauma, kunyimwa bila sababu kwauma zaidi, na mtu aliyefanyiwa hivyo hataki tena kubeba tofali.

Liko fungu moja ambalo sheria hailiachii baraza kulisahau. Tangu mwaka 2018, katika kila shilingi 100 za mapato ya ndani ya halmashauri, shilingi 10 hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake utengenezwe upya, ikaanza tena mwaka 2024. Katika wilaya kama Makete, ambako ugonjwa wa Ukimwi uliwaacha yatima wengi walelewe na nyanya zao, kikundi cha wanawake kikipata mkopo wa kununua mbegu au cherehani, faida yake huonekana mezani kwa watoto. Lakini mkopo si zawadi. Kikundi kisichorudisha kimekula cherehani ya kikundi kinachongoja nyuma yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kila mwaka Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu za kila halmashauri, na taarifa yake husomwa Bungeni. Mkaguzi huyo hutoka mbali, naye hawezi kuhesabu kila bati. Mwenye macho ya karibu ni mwanakijiji. Mapato na matumizi yabandikwapo katika ubao wa matangazo, yampasa ayasome, kisha aende aone kama paa lipo.

Nanyi wanafunzi, ingawa hamjafika miaka 18 ya kupiga kura, kusoma na kuhesabu mwajua. Mkipita penye ubao ule, simameni mkawasomee wazee wasioona vizuri. Waambieni ni shilingi ngapi zilizoingia, ngapi zilizotoka, na zimefanya kazi gani.