Uvira: Kugawa diski mpya kabla ya kuijaza

Mjini Uvira, mtu akinunua diski mpya ya kompyuta anaanza kuijaza siku ile ile: TFC ya mwanafunzi, hesabu za duka, picha za harusi. Swali la kuigawa linakuja nyuma, wakati Windows imekwisha kuharibika na fundi anaomba ruhusa ya kufuta kila kitu.

Kwanza, hesabu. Diski iliyoandikwa gigabaiti 1000 inaonekana ndani ya Windows kama 931. Muuzaji hakuiba: kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.

Kwa kazi za kawaida, sehemu mbili zinatosha. C inabeba Windows na programu. Gigabaiti 150 hadi 200 zinafaa wengi. D inabeba kazi zako. Siku Windows inapowekwa upya, fundi anafuta C peke yake. Lakini angalia: kazi uliyoiacha kwenye uso wa kompyuta, pale unapoiona ukiwasha, kwa kawaida iko ndani ya C. Itafutwa pia.

Kugawa mara nne au tano hakusaidii. C inajaa wakati sehemu nyingine ziko tupu.

Igawe diski ingali tupu. Ikiwa ina kazi tayari, nakili kwanza, kisha hakikisha betri imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kugawa, kazi zinaweza kupotea. Na ikiwa diski inapita terabaiti 2, chagua mfumo wa GPT, kwani MBR ya zamani haivuki hapo.

Hata hivyo, C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, maji yaliingia majumbani na watu wengi walikufa. Mwaka 2024, ziwa Tanganyika lilipanda hadi kwenye nyumba za kando yake. Maji hayachagui herufi, wala mwizi.

Kwa hiyo kazi za D zinahitaji nakala kwenye diski ya pili, iliyowekwa mbali: kwa ndugu anayekaa mlimani, au Bukavu. Diski hiyo ipewe mfumo wa exFAT, kwa sababu FAT32 inakataa faili moja inayozidi gigabaiti 4.