Diski Nyingi, Ghala Moja

Mwaka 1998 ulianza Rufiji utafiti wa idadi ya watu na afya, uliozihusu kaya za Ikwiriri, Kibiti na Bungu. Kila baada ya miezi 4 kaya zilitembelewa, vikaandikwa vizazi, vifo na uhamaji. Kumbukumbu za namna hiyo hazikomi kukua, diski hujaa.

Mwaka huohuo Heinz Mauelshagen aliuandikia mfumo wa Linux programu iitwayo LVM. Diski 4 za terabaiti 2 kila moja hutiwa katika kundi moja, likapatikana ghala la terabaiti 8. Mtumiaji haoni mpaka wowote.

Lakini tuchukulie kuwa uwezekano wa diski kuharibika kwa mwaka ni asilimia 3. Uwezekano wa zote 4 kusalimika ni 0.97 kwa kipeo cha 4, yaani takriban 0.885, hatari ya ghala imepanda hadi asilimia 11 na ushei. (Wanafunzi wakokotoe kwa diski 10.)

Katika mpango uitwao RAID 5, nafasi ya diski moja hutolewa kuhifadhi fidia. Diski moja ikifa, yaliyokuwamo hukokotolewa upya kutokana na zilizosalia. Hubaki terabaiti 6 tu, lakini mwenye kaya hawezi kuulizwa leo yote yaliyotukia nyumbani kwake mwaka 1999.