Mtihani Unaofundisha: Majaribio ya Mtandaoni Katika Vyuo Vikuu

Wengi wetu tukisikia neno "mtihani" hushtuka. Twadhani mtihani ni mizani tu ya kumpimia mtu mwisho wa safari: huyu amefaulu, huyu ameanguka, basi. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka likizo ya Juni, nilipokuwa nyumbani kwetu Usangi na kumwona dada yangu akifanya majaribio ya chuo chake kwa simu. Basi ningependa kuwaelezeni, wasomaji wapenzi, jambo hili lilivyo, faida zake na hasara zake, na namna sisi tusioruhusiwa kuwa na simu shuleni tunavyoweza kulifuata.

Nianze na vyuo vyenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Makao yake makuu yako Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, na mkoa wetu wa Kilimanjaro una kituo chake. Wengi wa wanafunzi wake ni watu wazima wenye kazi na jamaa za kulisha, ambao husoma wakiwa makwao. Mwanafunzi wa namna hii hana kengele ya kumwamsha wala mwalimu wa zamu wa kumkagua. Hatari yake kubwa si ujinga, bali ni upweke: aweza kulala juu ya vitabu miezi mitatu na mtu asijue.

Chuo hicho, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilevile, hutumia programu ya kompyuta iitwayo Moodle. Ilitungwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Bwana huyu utotoni aliishi nyikani, mbali na shule, akafundishwa masomo yake kwa redio. Kwa hiyo shida ya kusoma ukiwa mbali na mwalimu aliijua kwa kuionja mwenyewe.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mhadhiri huandika maswali mengi na kuyaweka katika hazina ya maswali. Jaribio likifunguliwa, programu humchagulia kila mwanafunzi maswali yake, hata wawili waliokaa pamoja wasipate karatasi moja. Akimaliza husahihishiwa papo hapo. Mhadhiri mwema huandika pia maelezo chini ya kila jibu, ili aliyekosa ajue kwa nini amekosa. Naye mhadhiri huonyeshwa swali lililowashinda wengi. Tuseme darasa lina watu 200 na 150 wamekosa swali la nne: hapo hapana budi afundishe sehemu hiyo tena, kwa maana kosa si la wanafunzi peke yao.

Labda mtu atauliza: kwa nini asisome tu kitabu mara mbili au tatu? Swali hili lilijibiwa mwaka 2006 na wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Habari moja waliisoma mara mbili. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaandika bila kutazama yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, habari iliyosomwa mara mbili ilikumbukwa zaidi, asilimia 81 kwa 75. Lakini wale walioulizwa baada ya juma moja mambo yao yalikuwa kinyume: iliyosomwa mara mbili ilikumbukwa asilimia 42 tu, na ile waliyojijaribu asilimia 56. Yaani kurudia kusoma hutufanya tujione tunajua, bali kujiuliza hutufanya tujue.

Sasa nirudi kwa dada yangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na anasomea shahada huku akilea mtoto. Mwaka wa kwanza alishindwa masomo mawili, akamwambia mama kwamba ataacha. Mama hakusema neno, ila aliendelea kuchambua maharage ya makande; ada ile ilikuwa imetoka katika mshahara wa dada na ndizi za mama. Mwaka wa pili mhadhiri mmoja akaanza kutoa jaribio la maswali 10 kila Ijumaa, lenye alama chache tu. Nilimwuliza dada limemfaa nini. Akasema, "Mdogo wangu, zamani nilisoma bila kujua kama naelewa. Sasa kila Ijumaa naonyeshwa nilipokosea, na Jumamosi narudia hapo tu." Masomo yale mawili ameyafanya upya, na yote amefaulu.

Hata hivyo, nisiwafiche hasara zake. Jioni moja ya ukungu nilimshikia dada mwavuli kilimani juu ya nyumba yetu, mahali panapopatikana mtandao. Alipofika swali la saba mtandao ukakatika, na saa ya jaribio ikaendelea kwenda. Maswali manne yakahesabiwa kuwa amekosa. Alimwandikia mhadhiri, akaruhusiwa kurudia, lakini usiku ule hakulala. Kadhalika bando ni fedha, na si kila mtu ana simu nzuri. Tena, katika swali lenye majibu manne, hata mbahatishaji aweza kupata moja kati ya manne. Zaidi ya hayo, jaribio likipewa alama nyingi, watu huanza kuigilizia au kutafutiwa majibu na wenzao. Kwa hiyo wahadhiri wenye busara huyapa majaribio hayo alama kidogo, huruhusu kurudia, na mtihani mkubwa hufanywa chumbani mbele ya msimamizi.

Je, sisi wa bweni tufanye nini? Niliporudi shuleni, wanafunzi watano tulikubaliana hivi. Kila jioni wakati wa kujisomea, kila mmoja huandika maswali matano ya somo la juma lililopita, na majibu nyuma ya karatasi. Kisha tunabadilishana. Siku ya kwanza niliona haya. Habari za mzunguko wa damu nilikuwa nimezisoma mara tatu, lakini nilipoulizwa ni upande gani wa moyo upelekao damu mapafuni, niliandika "kushoto." Jibu ni kulia. Kosa hilo laiti ningalilifanya mwezi wa Novemba, lingenigharimu alama. Mwezi wa Julai halikunigharimu kitu ila kicheko cha wenzangu, na sitalisahau kamwe.

Wazee wetu wa Upare walijenga ndiva milimani. Maji ya kijito kidogo yalikusanyika humo usiku kucha, na asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Hawakungoja mvua moja kubwa, kwa kuwa mvua ya namna hiyo hushuka bondeni na kuchukua udongo. Nasi tusingoje kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani.

Kwa walimu wetu naomba, kwa heshima zote, mtupe majaribio madogo mara kwa mara, na mtueleze makosa yetu upesi. Kwa wazazi, mwanao akileta jaribio lenye makosa, msimkemee kwanza. Mwulizeni kama sasa analijua jibu. Nasi wanafunzi wa kidato cha nne tuliobakiwa na miezi michache, tuchukue karatasi na kalamu jioni hii hii.